Muhuri wa Kandambili

Aliyenifundisha kutembea ni nani? Swali hilo nimeulizwa mara moja tu maishani mwangu, nikalijibu upesi bila hata kumeza mate: mimi mwenyewe. Sikumbuki mkono wowote ulionishika, na kwa kuwa siukumbuki, niliuhesabu kuwa haukuwapo. Hivyo ndivyo nilivyojijenga. Shule niliiacha nikiwa darasa la nne, au labda yenyewe iliniacha. Mizani ya shairi nilijifundisha kwa kugonga vidole kwenye ukuta wa choo cha jirani, silabi nane huku, nane kule, mpaka ukuta ukaota mashimo manane. Hakuna mwalimu wa kumshukuru. Nilipopata shairi langu la kwanza lililosimama wima bila kuegemea la mtu, nilitoka nje nikaliambia jua: nitazame vizuri, hutaona mwingine. Jua likanitazama. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mji wetu hauna jina. Kila anayetaka kuupa jina huambiwa asubiri kwanza watoto watoke shule, na watoto bado hawajatoka.

Katika mji huu mtoto akitimiza miaka sita hupewa daftari. Daftari lina kurasa mbilimbili. Ukurasa wa kushoto ni wa shule. Wa kulia ni wa nyumbani, na juu yake pamechapwa maneno haya: *Leo nyumbani amefundishwa nini?* Kila jioni mzazi huandika jambo moja, akatia sahihi. Kila asubuhi mwalimu hufungua ukurasa ule wa kulia, akasoma, akafundisha jambo lilelile kwa upana na kwa kina. Maana shule ya mji wetu haianzishi kitu. Inazidisha. Sote tulilijua sharti hilo kama tunavyoyajua maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi: yapo, ni ya kweli, na hayatuhusu.

Kwa hiyo tukachonga mihuri.

Sijui nani alianza. Nyumba moja ilichonga, ya pili ikaona, na kabla ya mvua za mwaka ule kuisha kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa jina la mzazi uliochongwa kwenye soli ya kandambili kuukuu. Wangu niliutoa kwenye kisigino cha kandambili ya bluu. Niliuchonga kwa wembe siku nzima, herufi moja moja, nikizigeuza ili zikigongwa zisomeke sawa: KONDO. Nilijivunia sana ile kazi. Nikauchovya kwenye wino wa kalamu ya biki, nikaugonga kwenye kiganja cha binti yangu Zubeda, naye akacheka kwa sababu ulimtekenya.

"Uweke wewe," nikamwambia. "Jioni unajigongea mwenyewe, mama. Baba anatunga."

Mke wangu Mwamvita alikuwa ndiyo kwanza ametoka sokoni, mikono inanuka dagaa. Alisimama mlangoni, khanga begani.

"Umempa mtoto jina lako achezee?"

"Si jina. Muhuri."

"Na pale pa kuandika, ataandika nani?"

"Andika wewe."

"Mimi? Kutwa nzima nipo sokoni napima dagaa, nirudi niandike? Nani katika nyumba hii anayejiita bahari ya maneno? Si wewe? Basi bahari imwage kikombe kimoja kwenye daftari la mtoto."

"Shule ipo kwa kazi hiyo, Mwamvita. Mimi nilifundishwa na nani?"

"Ndilo ninalojiuliza kila siku," alisema, akaingia jikoni. Nilimsikia akiiambia sufuria jambo fulani. Sikusikiliza. Nilikuwa na ubeti mdomoni, nikausema kwa sauti nchi nzima isikie:

*Nilijifunza mwenyewe, sikupigiwa kengele,*
*Sikutaka mwinginewe, anisukumie mbele,*
*Nilikuwa kama mwewe, nikipaa kwa kelele,*
*Aso shule ndiye shule, mwenyewe kajifundisha.*

Zubeda aliusikiliza wote. Kisha akauliza, "Baba, mwewe alifundishwa na nani kupaa?"

Nilikuwa natafuta kina cha ubeti wa pili. Kilikuwa karibu, nilikihisi kwenye ulimi. "Kamuulize mwalimu," nikasema.

Kesho yake nikampeleka shule. Nilimwacha langoni, nikarudi nikaketi, nikatunga. Kina kikaja. Kikaleta wenzake. Walikuja kwa wingi hivi kwamba sikuinuka kula, na chakula kilichofunikwa kilikuwa pale pembeni, kikabadilishwa, kikafunikwa tena. Nilipoweka nukta ya mwisho lilikuwa shairi la beti mia mbili, nami nikataka mtu wa kunisikiliza. Mwamvita alikuwa sokoni. Nikasema, nitakwenda nikamchukue Zubeda, arudi nyumbani mapema leo, anisikilize.

Njia ya shule ilikuwa imerefuka. Nilijiambia ni uchovu wa kukaa. Nilipita ukuta wa choo cha jirani, ule wa mashimo manane, nikakuta nyasi zimeota kwenye mashimo. Nilipita mahali palipokuwa na mche wa mpapai, nikakuta kisiki. Nilitoka nyumbani kidevu changu laini. Nilipofika langoni nilijikuna nikakuta ndevu, na katika ndevu, mvi moja nene iliyojiona bwana.

Hapo langoni palikuwa na mlinzi mzee amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ngwali, ndivyo kilivyosema kibao cha kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta au umepotea?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mzee Ngwali alicheka mpaka ndoo ikasogea. "Kumchukua! Miaka yote nipo hapa, watu wanaleta. Leo nimepata mtu anayechukua. Haya, jina."

"Zubeda Kondo. Ameanza jana."

"Jana ipi, bwana?" Alifungua kitabu kikubwa, akashusha kidole. "Zubeda Kondo. Huyu yuko mwaka wa saba. Na una bahati mbaya, au nzuri, mimi sijui. Leo ni siku ya kufunga madaftari. Unaona kile kivuli cha mlingoti wa bendera? Kikigusa ukuta, majina ya wazazi yanaandikwa kwa wino usiofutika. Atakayeandikwa ndiye mzazi, mpaka kufa. Asiyeandikwa hana mtoto."

"Basi niandike mimi. Mimi ndiye baba yake."

"Mzazi wake yumo ndani tangu asubuhi."

"Mwamvita amekuja?"

"Mwamvita simjui. Mzazi wa huyu mtoto ni Kondo. Mzazi mzuri sana, hajakosa siku hata moja. Tazama." Akanigeuzia kitabu. Safu kwa safu, mwaka kwa mwaka, herufi za bluu: KONDO, KONDO, KONDO.

"Kondo ni mimi!"

"Majina bwana, hufanana. Una muhuri?"

Nilijipapasa. Nilikuwa na shairi la beti mia mbili, kalamu, na ukoko wa muhogo.

"Mwenye muhuri ndiye mzazi," alisema Mzee Ngwali kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba mvua hutoka juu. "Pita upande wa wageni. Usichafue sakafu."

Ukumbi wa shule ulikuwa na mabenchi mawili marefu yaliyoandikwa WAZAZI. Niliingia nikitazamia kukuta watu wazima wenzangu, wale wanaopiga miayo na kutazama saa. Nilikuta watoto. Watoto watupu. Walikaa kwa mpangilio, miguu yao haifiki chini, kila mmoja ameshika kipande cha kandambili mapajani, nao walikuwa wanazungumza.

"Wa kwangu siku hizi hasikii kabisa."

"Afadhali wako, shoga. Wa kwangu nimemwambia, soma mwanangu, mimi sitaishi milele. Hata hageuki."

"Nidhamu imekwisha. Enzi zetu haikuwa hivi."

Msemaji wa mwisho alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele. Nilitaka kucheka. Sikucheka. Maana nilielewa, polepole, kwamba kila mmoja alikuwa anamzungumzia mtoto mmoja tu aliyewahi kukabidhiwa amlee. Alikuwa anajizungumzia mwenyewe.

Zubeda alikaa mwisho wa benchi la pili. Yeye tu ndiye hakusema kitu. Nilipomtazama alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipopepesa macho alikuwa na sita. Nilipopepesa tena alikuwa na kumi na mitatu na mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya, kiwiko kimetazama mahali ambapo viwiko havitazami. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni wa mtu mwingine.

"Zubeda."

Aliugeuza muhuri mapajani mwake.

"Zubeda, mama, ni mimi."

"Hatakujibu," ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa mwalimu, mwanamke mrefu, amepauka kwa chaki mpaka kwenye nyusi. Alijitambulisha kuwa Mwalimu Ngonyani. "Na usimlaumu. Ni mwanafunzi bora wa shule nzima kwa somo hilo."

"Somo gani?"

Alinipa daftari.

Nililifungua kwa kiburi, nikiri hilo. Nilijua kurasa za kulia zitakuwa tupu, na nilikwisha andaa hoja yangu: ukurasa mtupu si kosa, ni nafasi, na shule iliyoshindwa kuandika juu ya nafasi ni shule gani? Niliipanga hoja hiyo hata kwa mizani. Lakini kurasa hazikuwa tupu. Zilikuwa zimejaa mwandiko mkubwa wa mtoto wa miaka sita, unaopanda mlima na kushuka.

*Leo nyumbani nimefundishwa kunyamaza baba akitunga.*

*Leo nyumbani nimefundishwa kumwambia mgeni baba hayupo, na baba yupo nyuma ya mlango.*

*Leo nyumbani nimefundishwa kwamba chakula cha baba hufunikwa na cha mama hakifunikwi.*

*Leo nyumbani nimefundishwa kwamba mama akichoka huongea na sufuria.*

*Leo nyumbani nimefundishwa kwamba swali ni kitu cha kumpelekea mtu mwingine.*

Chini ya kila mstari, wima na safi, kazi ya wembe wangu: KONDO.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti. Nilikaa palepale chini.

"Haya sikumfundisha mimi," nikasema.

"Muhuri wa nani?"

"Wangu. Lakini sikumfundisha."

"Basi alimfundisha nani, Baba Zubeda? Meza?"

"Wewe ndiye mwalimu!" Nilipiga kelele, na watoto wote katika mabenchi ya wazazi wakanyamaza kwa pamoja, ghafla, kwa ustadi wa kutisha. "Nilimleta kwako! Uliona mambo haya asubuhi baada ya asubuhi ukafanya nini?"

"Niliyafundisha." Hakupandisha sauti. "Darasa la kwanza tulimfundisha kunyamaza mtu akitunga. La tatu, kunyamaza mtu akikosea. La tano, kunyamaza yeye akikosewa. Mwaka jana alianguka uwanjani akavunjika mkono. Tulijua siku ya tatu, ulipovimba mpaka ukakataa kupita kwenye sare. Hakuwa amelia hata mara moja. Tulimpa kombe."

Nilimtazama binti yangu, nikatazama kile kiwiko, na nikasikia ndani yangu sauti ya mfupa ambao sikuwapo ulipovunjika. Siku ile nilikuwa kwenye ubeti wa ngapi? Wa themanini? Ndiyo, nakumbuka, wa themanini ulinisumbua. Nilitafuta neno la kufungia mstari, nikalipata, nikaruka kwa furaha. Mwanangu alikuwa anarudi nyumbani jioni ile, jioni zile zote, alikuwa anarudi! Nilimpisha mlangoni. Nilimwambia ssss, kwa kidole. Alikuwa na mkono uliovunjika ndani ya sare, na mimi nikamwambia ssss.

"Mlimpa kombe," nikarudia.

"Kubwa."

"Na wewe hukuona ni wazimu?"

Mwalimu Ngonyani alijifuta chaki usoni, na chini ya chaki alionekana mdogo kuliko nilivyodhani, karibu msichana tu. "Mimi pia nilisoma hapa," alisema. "Ukurasa wangu wa kulia uliandikwa neno moja miaka saba. *Kutii.* Nilipata mia kwa mia." Akatazama dirishani. "Kivuli kimebakiza hatua mbili. Kama una la kufanya, lifanye. Sheria inasema mtoto akikutaja kwa sauti yake mwenyewe, wewe ni nani wake, unaandikwa hata kama huna muhuri."

Nilipiga magoti mbele ya Zubeda. Nikafanya nilichokijua. Nikamsomea shairi.

Sitaki kulisema vibaya lile shairi, lilikuwa shairi zuri. Lakini kila mstari ulipotoka, Zubeda alinyamaza zaidi. Nilikuwa sijui kwamba kimya kina ngazi, kwamba mtu aliyenyamaza anaweza kunyamaza tena chini ya kule kunyamaza. Alifunga mdomo, kisha uso, kisha pumzi. Kwenye ubeti wa nne hata nguo yake ilikuwa haitikisiki. Alikuwa anafanya kile alichofundishwa kufanya baba anapotunga, na alikuwa anakifanya kwa heshima zote, na kama ningeendelea hadi ubeti wa mia mbili angefika mahali ambapo hakuna wa kumwita.

Nikaacha. Karatasi zikaniponyoka, zikasambaa sakafuni.

Sasa niseme nini? Niseme mimi ni baba yako? Hilo ni dai. Niseme nisamehe? Hilo ni ombi, naye hajawahi kuona mtu akiombwa kitu katika nyumba yetu, isipokuwa sufuria. Nimfundishe jambo moja, hapa, upesi, kabla ya kivuli? Jambo gani? Nilipekua kichwani mwangu kama mtu anayepekua nyumba iliyoibiwa. Vina vilikuwapo. Mizani ilikuwapo. Jina langu lilikuwapo kila chumba, limechongwa kwenye kila ukuta. Jambo la kumpa mtoto mkononi akaondoka nalo halikuwapo. Nilikuwa na umri gani? Nani alinivisha viatu? Nani aliniambia moto unaunguza, au niliungua kwanza?

"Zubeda," nikasema, na sauti ilitoka bila mizani yoyote. "Sijui nikufundishe nini. Sijui hata pa kuanzia."

Kitu kilitikisika usoni mwake. Alinitazama kwa muda mrefu, kwanza kwa macho ya miaka sita, kisha kwa yale ya kumi na mitatu, kisha kwa macho ya mtu mzima kuliko mimi. Akashuka kwenye benchi. Alimwendea Mwalimu Ngonyani, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikwaruza kama bawaba ya mlango wa ghala.

"Mwandikeni huyu."

Watoto wote waligeuka. Chaki ilidondoka mkononi mwa mwalimu.

"Kama nani?" aliuliza Mwalimu Ngonyani. "Sema kama nani wako, maana kivuli..."

"Kama mtoto wangu."

Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitazama kitabu cha sheria, akafunua, akafunua tena. "Mzazi anaruhusiwa kuleta mtoto," alisema hatimaye, taratibu. "Hapakuandikwa umri."

Zubeda akapewa daftari jipya. Aliinua muhuri wangu, akautazama, akauweka juu ya benchi kama kitu alichoazimwa. Kisha akashika kalamu kwa ule mkono uliopinda na akaandika mwenyewe. Iliniuma kumtazama. Kila herufi ilimgharimu kiwiko. *Mtoto: Kondo. Mzazi: Zubeda.* Wino ukakauka, na nje kivuli kikagusa ukuta.

Akanishika mkono. Ndiyo, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vikavu, na mimi, mwewe, niliyepaa kwa kelele, nilimfuata kwenye ujia mrefu hadi chumba chenye viti vidogo. Kiti cha kwanza nilichokalia kilinitosha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba kilinitosha.

"Nyumbani amefundishwa nini?" aliuliza Mwalimu Ngonyani, kalamu tayari.

"Hakufundishwa," alisema Zubeda. "Alijifundisha mwenyewe. Ndiyo maana hajui kufundisha."

Mwalimu aliandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Nilitaka kupinga, kukana, kutoa ubeti, lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo, na kutoka kwenye kiti kidogo watu wote huonekana warefu na wenye haki.

"Haya, Mama Kondo," alisema mwalimu. "Unaweza kwenda."

Zubeda alifika mlangoni. Hapo ndipo nilipojua kile nilichokuwa sijakijua miaka yote: ile sekunde moja ambayo mzazi amegeuka na mtoto bado anamtazama mgongo. Nilikuwa nimewahi kuwa upande wa mgongo tu. Nilishika kingo za kiti. Sikulia, lakini si kwa ushujaa.

Akageuka.

"Mwalimu," alisema. "Nije kumchukua saa ngapi?"

Mwalimu Ngonyani aligeuka. Alitazama ratiba ukutani: saa ya kuleta ilikuwapo, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Alishusha kidole mpaka chini ya karatasi, akaigeuza nyuma, nyuma palikuwa peupe. Akatoka mbio hadi langoni, nikamsikia akimuuliza Mzee Ngwali, na nikamsikia mzee akisema hapana, hakuna, hakuna aliyewahi kuuliza. Aliporudi alikuwa anahema, macho yamemtoka.

"Haipo," alisema. "Saa hiyo haijawahi kuwapo."

Zubeda akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akaweka mkono wake uliopinda juu ya paja.

"Basi anza kumfundisha," akamwambia. "Nipo."